Yai la Kimya

"Litikise," alisema Kimya. "Taratibu."

Msusi alilisogeza yai sikioni, akalitikisa. Ndani kitu kizito kikacheza, chubwi, chubwi. Akalirudisha mezani upesi kama aliyeshika kaa la moto.

"Mbona hujalitoa vya ndani? Shoga, si litaoza hili?"

"Limeshaoza." Kimya alichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaendelea na ua lake. "Lilikuwa juu ya bati, juani, tangu mwezi uanze."

Msusi akavuta kigoda, akakaa. Alikuja kuazima mkasi, lakini mkasi ulishamtoka akilini. Saluni yake na chumba hiki vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa ujirani wao wote hakuwahi kumsikia Kimya akisema maneno mengi kwa mpigo. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina hilo. Msusi naye walimwita Redio, tena mbele yake.

"La nani?"

"La Malkia."

Hapo hakuhitaji kuelezwa. Kimya na Malkia walijifunza kazi kwa mwalimu mmoja: kutoboa yai tundu dogo, kupuliza vilivyomo mpaka libaki tupu, kulisuuza, kulikausha, kisha kulipamba kwa brashi nyembamba kama unywele. Kila msimu wa mayai, watu walipoanza kupamba madirisha yao, karakana ya Mwalimu ilifurika wanunuzi. Kimya alikuwa na mkono. Malkia alikuwa na mdomo, na alikuwa mke wa mtoto wa Mwalimu.

Msimu uliopita, yai kutoka kapu la Kimya lilipasukia mkononi mwa mteja, ukumbi ukiwa umejaa. Yai viza. Harufu yake iliwatoa watu mbio. Mwalimu, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, alimtazama mwanafunzi wake akasema, "Umenitia aibu." Hakumwita tena mpaka alipofariki.

"Sikuliweka mimi lile yai," alisema Kimya. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Yeye ndiye aliyekaa na kapu langu asubuhi ile. Mwalimu kaingia kaburini akiniona mchafu. Sasa Mzee, mumewe, anataka kumkabidhi Malkia ufunguo wa karakana. Basi nami nitampelekea zawadi, mbele ya watu wote. Ganda nimelikwangua likawa jembamba. Joto la kiganja tu linatosha."

"He!" Msusi akajishika mdomo.

"Usimwambie mtu."

"Mimi? Heri nife."

Siku ya kuamkia sherehe ya kukabidhi ufunguo, Malkia alikuja kusukwa, kama alivyofanya siku zote. Msusi alijitahidi, tusimsingizie. Alifika nusu ya kichwa. Kisha akainama juu ya sikio la Malkia, akasema kwa sauti ya chini, "Kesho ukiletewa zawadi, usiikumbatie." Baada ya hapo yaliyobaki yalimwagika yenyewe.

Malkia hakupandisha hasira. Alijitazama kwenye kioo, akatabasamu.

"Muache alete."

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Mzee, mgane wa Mwalimu, alikaa kiti cha mbele, ufunguo ukiwa mapajani. Kimya aliingia na gauni lake la kila siku, mikononi kaboksi kadogo kalikotandikwa pamba.

"Hongera, dada," alisema.

Malkia alilitoa yai, akaliinua juu kwa ncha za vidole ili kila mtu alione. Upande uliomwelekea yeye ulikuwa na maua mekundu matupu. Msusi alisikia mtu nyuma yake akiguna, na Mzee akaanza kuinuka kwenye kiti.

"Nuseni wenyewe, jamani!" Malkia alipaza sauti. "Mwaka jana aliwachafua ninyi, leo anataka kunichafua mimi. Yai viza hili!"

Akalibamiza sakafuni, miguuni pa Mzee.

Watu waliziba pua. Wakangoja. Mmoja mmoja wakaanza kuziachia. Ganda lilikuwa tupu, kavu, jeupe ndani kama kikombe kipya. Mzee alipiga magoti kwa shida, akaokota kipande, akaokota kingine. Jicho. Shavu. Tabasamu lenye mwanya. Alikuwa Mwalimu mwenyewe, kachorwa vile alivyokuwa kabla ya ugonjwa kumkausha.

"Umemvunja mke wangu," alisema Mzee.

"Baba, sikujua! Niliambiwa..." Malkia aligeuka, macho yakimtafuta Msusi. "Muulizeni huyo! Yeye ndiye aliyeniambia!"

"Redio?" mtu akauliza, na kicheko kikali kikapita ukumbini. Mumewe Malkia hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akaenda kumwinua baba yake. Mzee akaurudisha ufunguo mfukoni, akatoka akiwa amevifumbata vile vipande kiganjani.

Msusi alitamani ardhi ipasuke. Kimya alikuwa amechuchumaa peke yake akiokota chembe zilizobaki, machozi yakimchuruzika, na wanawake walishaanza kumzunguka wakimpa pole. Msusi alipenya katikati yao, akachuchumaa ubavuni pake.

"Nisamehe, shoga," alinong'ona. "Mdomo wangu umenishinda. Nilimwambia kila kitu."

Kimya alimwinamia, akamkumbatia kwa nguvu, midomo ikiwa sikioni pake.

"Nikusamehe nini?" alisema. "Ningemtuma nani mwingine?"