Kifuniko cha Rejeta

Rejeta mpya ya gari ilikuwa imeshakaa mahali pake, mipira yote miwili ya maji imebanwa, na injini ndiyo kwanza imezimwa baada ya kunguruma nusu saa nzima uani kwao Kalgoorlie. Narelle alikuwa anafuta mikono aliposikia baba yake anasema, "Ngoja tuone kama maji yamejaa."

Akadhani ni utani. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha, tangu ana miaka saba, kwamba rejeta ya moto haifunguliwi. Na kila alipomfundisha alimwonyesha kovu lake, limekunjamana kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa mkono ule ule wenye kovu ulikuwa unakwenda kwenye kifuniko, taratibu, bila hata kitambaa.

Narelle hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Alitanguliza kiganja chake akakifunika kifuniko, na moto ukamwingia mpaka mfupani. Hakukiondoa mpaka mkono wa baba uliporudi nyuma.

Mzee akashtuka, akamkazia macho kama zamani. "We mtoto, una wazimu? Nimekwambia mara ngapi rejeta ya moto haiguswi?"

Narelle alificha kiganja nyuma ya mgongo.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilisahau."