Pete Iliyolegea

Fundi aliitikisa klarineti, ile zumari ndefu ya mbao, na pete ya chuma kwenye kiungo chake ikachezacheza kama bangili ya kuazima.

"Mbao imekauka ikasinyaa, mama. Haijapulizwa siku nyingi."

"Tangu mume wangu apatwe na kiharusi. Mdomo umeenda upande."

Fundi alikata ukanda mwembamba wa karatasi, akaanza kuuchomeka chini ya pete, kisha akasita.

"Nikiikaza hivi, itatulia kabatini miaka na miaka. Ila akija kuipuliza, mbao itakunywa unyevu wa pumzi zake, itavimba, na pete itaipasua. Niambie kweli, mama. Atapuliza tena?"

Asubuhi ile mama alikuwa amemshikia mumewe kikombe cha chai, na mzee, mbishi kama kawaida yake, akataka kuipoza mwenyewe. Alikunja midomo, akapuliza. Mate yakamrukia mkewe usoni, wakacheka mpaka chai ikapoa yenyewe.

Mama akaushika ule ukanda wa karatasi kwa kucha, akauchomoa taratibu.

"Iache ilegee, fundi. Mwenyewe ataikaza kwa pumzi zake."