Taa ya Sebuleni kwa Sakina

"Mbona sinki mbili?" Sakina alimuuliza fundi Yahya, aliyekuwa juu ya kirikuu akishusha maboksi.

"Bosi ndivyo alivyoagiza, dada. Kila kitu viwili viwili, na vifanane. Kasema hataki kusikia manung'uniko."

Sakina alicheka. Ndiyo mumewe Bader huyo! Mtu kazeekea kwenye duka la vipuri vya pikipiki hapo Dunda, anadhani hata sinki inakufa plagi. "Haya, moja itakuwa ya akiba," alisema, akaingia ndani kuwasimamia wapaka rangi, maana wale bila kusimamiwa wangepaka mpaka paka.

Mwezi ule mzima nyumba ilinuka rangi. Dari ilibadilishwa, vigae vikatandazwa mpaka barazani, ikaletwa seti ya makochi ya rangi ya maziwa ambayo Sakina aliyaacha ndani ya nailoni zake, wageni wajue kuwa ni mapya. Na wageni hawakukoma. Mawifi zake, waliokuwa wakimsalimia shingo upande tangu alipoolewa, sasa walikuja na udi na haluwa, wakimpapasa mabega na kumwita kipenzi. Sakina alipokea haluwa na kuwadharau papo hapo. Wanafiki wakubwa! Wameona vigae ndiyo wamekumbuka kuwa wana wifi.

Wikendi moja Bader alimpeleka Saadani, wakalala hotelini na kuletewa chai chumbani. Wikendi iliyofuata Bader alikwenda peke yake kwenye shamba lake la Ubena, huko bara kwenye vumbi, akarudi na pweza wabichi na uso wa furaha. Iliyofuata wakavuka kwenda Unguja, wakazunguka maduka mpaka miguu ikavimba. Kisha Ubena tena. Sakina hakulalamika. Mwanamume anayekarabati nyumba lazima ahangaike. Pweza aliwapika kwa nazi, wakaliwa.

Kitu kimoja tu kilimpa Sakina kiburi miaka yote ile, hata wakati ukuta ulipokuwa unabanduka na wanawake wa mtaani wanacheka: mumewe hakuwa na mke mwingine. Hicho ndicho kilichomfanya apite njiani kifua mbele. Kwa hicho alimdharau kila aliyeweza kumdharau, na wa kwanza alikuwa jirani yake, Miza.

Mume wa Miza, Abdulrazak, alikuwa na wake wawili. Siku mbili alilala kwa Miza, siku mbili akahama. Sakina alimpachika jina, "mwanamke wa zamu", na wala hakulitaja kwa kunong'ona. "Mimi siku nikiletewa mwenzangu," alipenda kusema Miza anapopita, "jua halizami sijabeba sanduku langu."

Jumamosi ile ambayo Bader alikuwa Ubena kwa mara ya pili, Miza alipiga hodi na sahani ya vitumbua. Akaangaza macho sebule nzima, taratibu. Akalishika pazia jipya, akaona jingine kama hilo limekunjwa juu ya boksi kando ya mlango.

"Hongera, shoga. Na Bader yuko wapi?"

"Shamba."

"Aha. Na wikendi iliyopita?"

"Tulikuwa Unguja, mimi na yeye. Kwani vipi?"

Miza aliliachia pazia. "Hamna kitu. Ila siku ukitaka mtu wa kukaa naye, mimi nipo hapo tu."

Alipotoka, Sakina alicheka mpaka kitumbua kikampalia. Yeye, akakae na Miza! Wakazungumze nini? Mwanamke hata mume hana wa kumtosha wiki nzima, eti anakuja kumfariji mtu kwenye makochi mapya. Wivu mtupu.

Dua ya nyumba ilisomwa mwisho wa mwezi, alasiri. Sakina aliwaalika wanawake wote wa mtaa, hasa waliowahi kuucheka ukuta wake. Wenye heshima zao aliwakalisha kwenye makochi, nailoni ikawa inalia kila walipojisogeza. Miza alionyeshwa jamvi, kule mlangoni, penye viatu.

Katikati ya dari ilining'inia taa kubwa ya vioo, mpya kabisa. Dua ilipokwisha, kahawa inapita, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Yahya akaitwa. Wanawake wakavuta mitandio yao vizuri, naye akapanda ngazi, akakaza waya, na taa ikawaka ikatulia, ikameta hadi kwenye vikombe.

"Mashaallah," wanawake wakasema.

Wangeishia hapo ingetosha. Lakini Sakina hakuridhika kuona Miza amekaa kimya anakunywa kahawa yake kama mtu asiyekosa kitu. Alisimama chini ya taa, mikono kiunoni, akamtazama moja kwa moja.

"Hebu waambie, fundi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Maana wengine humu wamezoea kupewa nusu nusu, kitu kizima hawakijui. Taa kama hii, ipo nyingine Bagamoyo yote?"

Yahya alikuwa anashuka ngazi, huku akifuta mikono kwenye suruali.

"Ipo moja tu, dada," alijibu. "Nimeifunga juzi Mlingotini, kwa mke mwenzio."

Kule mlangoni, Miza aliweka kikombe chini, akasogeza viatu vya watu kando, akampisha Sakina nafasi kwenye jamvi.