Mtoto Mmoja Mzima wa Xepol

"Visigino chini, mwanangu. Mgongo ubaoni. Hivyo hivyo."

Mikaela alisimama kama gogo, midomo ameibana. Tangu nesi Odilia aingie, mtoto hakuwa ametoa hata neno.

"Huyu ni bubu?"

"Ni haya tu, nesi," Jacinta, mama yake, alidakia.

Odilia alikuwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa akipanda na kushuka vilima vya Xepol na ule ubao wa kupimia urefu mgongoni, na kila nyumba mambo yalikuwa yale yale: mtoto mfupi kwa umri wake, mama anatazama chini. Hii ilikuwa nyumba ya mwisho. Alichowaza ni kuvua viatu tu.

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Paa linavuja, nesi. Kilioza."

Hilo nalo alilisikia kila nyumba. Unga wa lishe ulikuwa wa watoto wasiofika miaka mitano, tena waliodumaa. Masharti hayo kijiji kizima kiliyajua, na Jacinta pia. Mahindi yake yalikwisha kabla mapya hayajatoa hata mbelewele, na mumewe aliteremka pwani kutafuta kibarua, hajaleta hata salamu.

Odilia alishusha kibao hadi utosini, akasoma. Akasoma tena. Kisha akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Jacinta, umemlisha nini huyu? Urefu wake ni wa miaka mitatu kamili! Kutwa nzima sijapata kama huyu."

Jacinta hakucheka. "Kwa hiyo unga..."

"Unga wa nini tena? Ni wa wenye shida."

"Tunakula chapati za mahindi na chumvi, nesi. Mara moja kwa siku."

"Kila mama ananiambia hivyo. Ubao hausemi uongo."

Mikaela alikuwa amesharudi mekoni, anapiga chapati kwa viganja, moja baada ya nyingine, nyembamba, za duara.

"Na kazi anaiweza!" Odilia alisema. "Wangu umri huo alikuwa anakula udongo."

"Nesi, ngoja kidogo..."

"Nimechoka, dada yangu. Mshukuru Mungu, umepata mtoto mzima."

Akajitwika ubao, akatoka. Hatua ya kwanza tu nje, utelezi ukamchukua. Akaketi topeni puu, miguu juu, ubao mapajani.

Mikaela hakuweza kujizuia tena. Alicheka mdomo wazi hadi machozi yakamtoka, na mama yake aliponyoosha mkono kumziba, alikuwa amechelewa.

Mbele, pale meno ya utoto yalipong'oka, mawili makubwa ya ukubwani, ya mtoto wa miaka saba, yalikuwa yameshachomoza.