Anayesimama Nyuma ya Kiti

Kwa mara nyingine Orrin Dubbs alikuja na vikombe viwili vya kahawa, na kwa mara nyingine Trent Wexley akachukua kile chenye maziwa bila kusema asante. Ndivyo vilivyokuwa vikao vyao vya Alhamisi: gogo linaleta kahawa, bwana mkubwa anazungumza.

Trent alikuwa mwaka wa nne pale chuoni, mtoto wa wakili, mjukuu wa wakili, na picha za wote wawili zilining'inia ukutani mwa nyumba ya udugu wao, chama cha wanafunzi wa kiume wanaoishi pamoja, chini ya herufi tatu za Kigiriki ambazo nusu ya wanaudugu hawakujua hata kuzitamka. Dubbs alikuwa mwaka wa pili, mtoto wa wafuga nguruwe kutoka Iowa, mnene, mpole, shati analivaa kama amerushiwa akiwa anakimbia. Trent hakuwa na shaka kwamba walimpokea ili apandishe wastani wa alama za nyumba, basi.

Mpango wenyewe aliuleta Jaji Haverkamp, mwanaudugu mkongwe kuliko wote. Baada ya ile habari ya Februari aliamua kwamba Septemba wakifungua chuo, wote wagawanywe wawili wawili, mlezi na mlelewa, wakutane muhula mzima, wafundishane utu. Kwenye karamu ya Desemba mlelewa angekaa kitini, na mlezi wake angesimama nyuma ya kiti na kumsemea. Akisema ameiva, mlelewa anavishwa beji. Akisema hajaiva, mlelewa anarudisha ufunguo wa chumba na jina lake linafutwa katika udugu. Hakuna rufaa.

Siku Jaji aliposoma nani yuko na nani, Trent alikuwa nyuma ya ukumbi, kainamia simu. Alisikia jina lake na la Dubbs yakifuatana, akaguna. Mwaka wa nne na mwaka wa pili. Hapo hakukuwa na la kuuliza.

Basi akafundisha. Alimfundisha Dubbs kumshika mtu mkono kama anayeununua, kutocheka kabla mwenye cheo hajacheka, kutokula kuku kwa vidole mbele ya wake za mawakili. Dubbs alitikisa kichwa na kuuliza maswali. Alikuwa na maswali ya mtoto wa chekechea huyo. Kwa nini ulifanya hivyo? Na mwenzako alisemaje? Wewe ulijisikiaje? Trent alijibu yote, maana hakuna kitu alichopenda kama kusikilizwa, hata na mfuga nguruwe.

Siku moja Dubbs akauliza, "Yule kijana wa Februari, uliwahi kwenda kumwona?"

Trent alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kijana mgeni alisimamishwa pekupeku kwenye barafu ya bwawa, kama walivyosimamishwa wageni wote kabla yake, na yeye akaona ajipotezee vidole viwili vya mguu kwa baridi. Wenzake walivumilia, yeye kaanguka, na sasa kila mtu anamwangalia Trent kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na filimbi ya kuwaamuru.

"Nikamwone nimpelekee nini, soksi? Kabakiwa na vinane, bwana. Atembee."

Dubbs akanywa kahawa yake. Trent akajiambia kwamba kichwa kile kilikuwa kigumu, hakiingizi kitu.

Novemba ilipofika alikuwa ameshaamua. Haiwezekani beji aliyovaa babu yake ikae kwenye kifua kinachonuka zizi. Alhamisi ya mwisho akamwambia waziwazi, ili auone uso ule mnene ukibadilika.

"Nikwambie ukweli, Dubbs. Ambaye hajaiva, atoke. Hii si nyumba ya kulea vilema."

"Hata kama amebakiza muhula mmoja amalize chuo?"

"Hata kama amebakiza wiki."

"Na asionewe huruma?"

"Huruma ndiyo iliyoijaza nyumba hii takataka."

Dubbs akavichukua vile vikombe vitupu, chake na cha mwenzake, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Haya, ndugu," akasema. "Nimekusikia."

Uso haukubadilika. Trent alisikitika kidogo. Alikuwa anategemea machozi.

Usiku wa karamu kulikuwa na nyama ya kuoka na viazi vya kuponda, theluji ikianguka nje, na baba yake Trent kakaa meza ya mbele na tai ya udugu shingoni. Wanaudugu waliitwa wawili wawili, beji zikavishwa, makofi yakapigwa. Trent hakusikiliza hata mmoja. Alikuwa akiirudia hotuba yake kimoyomoyo. Alishaitengenezea mahali pa watu kucheka, pale penye nguruwe.

"Wexley na Dubbs," aliita Jaji.

Trent akaenda mbele, akafunga kifungo cha koti, akasimama nyuma ya kile kiti kitupu na kuyashika maegemeo yake kwa mikono miwili. "Kaa, gogo," akanong'ona bila kugeuka.

Dubbs hakukaa. Kwenye meza ya mbele baba yake Trent akainamia sahani yake, akaanza kukata nyama aliyokwisha kuikata.

Jaji Haverkamp akavua miwani.

"Trent," akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni chooni, "kaa kitini, mwanangu. Unamsubirisha mlezi wako."

Trent akajikuta kakaa. Dubbs akazunguka nyuma ya kiti, akaiweka mikono yake minene juu ya mabega ya Trent, akakohoa kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakuuliza swali.