Doa la Tatu

Shemeji yake mkemia alileta maabara chupa ya dawa yake ya majani akitaka cheti cha ubora tu, maswali hakuyataka. Mkemia alidondosha tone kwenye kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe, akakisimamisha kwenye spiriti kidogo ya kutenganisha rangi. Rangi zikapanda polepole: kijani, manjano, kisha, chini ya taa ya zambarau, doa la buluu lisilotoka kwenye jani lolote.

"Umesagia vidonge humu."

"Chunga mdomo wako. Dada yako anakula kwangu."

"Na hii anainywa?"

"Kila siku, na hajafa!"

Shemeji akakinyakua kibao, akakitupa chini, akakipondaponda kwa kiatu.

Mkemia aliifungia chupa ya dawa kabatini, akautia ufunguo mfukoni, akapiga simu palepale mbele yake.

"Dada, mwaga hiyo dawa ya mumeo. Fungasha nguo zako, nakuja kukuchukua."