Daktari wa Pili

Kalamu ya daktari ilikuwa baridi. Ilipita chini ya kitovu cha fundi cherehani, ikichora mstari wa kupunguzia tumbo.

"Mama, una sukari au presha?"

Daktari wa kwanza alikuwa amempima, akakataa kumpasua. "Sukari iko juu, dada yangu. Kidonda hakitapona. Ishuke kwanza."

Fundi alikuwa amemwomba Mungu amchagulie daktari. Jibu lilikuja mapema, hakulipenda, akaomba tena.

Wifi yake, aliyemsindikiza, alicheka. "Huyu? Ana afya ya punda. Tumbo tu ndilo limegoma kupungua."

Daktari alitabasamu, kalamu ikingoja juu ya ngozi. Wifi hakujua lolote.

"Sina," fundi alijibu, kisha akangoja aulizwe tena.